Kumbukumbu Isiyokumbuka: Maneno ya Hifadhi na Seva za Nyumbani katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi

UTANGULIZI

Makala haya yanachunguza jambo ambalo kwa juu juu ni la mafundi wa mitambo, lakini undani wake unawagusa wanaochunguza lugha. Jambo lenyewe ni taabu ya kuendesha seva nyumbani, yaani kompyuta isiyozimwa usiku wala mchana, ambayo kazi yake ni kuweka mafaili na kuyatoa kwa kompyuta na simu nyingine kila yanapohitajiwa. Mahali panapozungumziwa ni mitaa ya Eastlands, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi: Kaloleni, Jericho, Buruburu, Umoja, Kariobangi, Dandora, Kayole na mingineyo.

Mitaa hiyo ndiyo ambayo wataalamu wengi huitaja kuwa chimbuko la Sheng. Sauti za wasemaji wake zimerekodiwa kwa miaka mingi na wanafunzi wa vyuo, wanamuziki, watangazaji, na watu wengine wasio na cheo chochote ila mapenzi ya lugha. Baadhi ya rekodi hizo zimefika maktabani. Nyingine zimo katika diski za watu binafsi, juu ya kabati au chini ya kitanda, na uhai wake unategemea mambo ambayo mwanaisimu hakufundishwa darasani.

Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba maneno ambayo Kiswahili kimeyatoa kwa ajili ya kazi hii, yaani kumbukumbu, akiba, nakala na hasa hifadhi, ni maneno ya kale na ya heshima, nayo yanaahidi mengi kuliko yanayoweza kutimizwa na mitambo iliyovikwa majina hayo. Anayeyaamini bila kuyapima hupotelewa na data, na mara nyingi hajui siku aliyopotelewa.

MTUMISHI ANAYETUMIKIWA

Huenda ikaulizwa kwa nini mkazi wa Kayole au Umoja ajitie katika shughuli hii, ilhali yako makampuni ya ng'ambo yanayopokea mafaili ya watu na kuyaweka kwa malipo. Jibu la kwanza ni fedha: malipo hayo ni ya kila mwezi, hayana mwisho, na mara nyingi hukadiriwa kwa dola. Jibu la pili ni ukubwa wa sauti yenyewe. Rekodi ya kitaalamu isiyobanwa, ya mkondo mmoja, yenye sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24 kwa kila sampuli, hula megabaiti zipatazo 518 kwa saa moja. Mtafiti mwenye saa 500 za mazungumzo ana zaidi ya gigabaiti 250, na kuzipandisha zote kwa intaneti ya nyumbani ni kazi ya siku nyingi. Jibu la tatu, ambalo halisemwi sana ingawa lina uzito wake, ni kwamba sauti za vijana waliozungumza kwa uhuru wao kibarazani hazipaswi kukaa mahali pasipojulikana. Na tangu Kenya ipate Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, jambo hili si la adabu pekee.

Kwa hiyo hununuliwa kompyuta kuukuu ya ofisi, iliyotumika Ulaya na kuuzwa tena madukani katikati ya jiji, pande za Luthuli Avenue. Hutiwa diski mbili, ikawekwa kwenye kona, na kuanzia siku hiyo huitwa seva.

Neno seva limetoholewa kutoka Kiingereza, ambamo maana yake ya asili ni mtumishi. Watu wa nyumba hugundua upesi nani hasa anayetumika. Mashine inayotumia wati 40 mfululizo hula uniti zipatazo 29 za stima kwa mwezi. Katika viwango vya bei vilivyotangazwa Kenya mwaka 2023, bei ya chini kabisa ya matumizi ya nyumbani iliwekewa wale wasiozidi uniti 30 kwa mwezi. Maana yake ni kwamba mtumishi huyo peke yake humaliza karibu fungu lote la mnyonge, na taa, redio na pasi za nyumba hiyo zikahesabiwa kwa bei ya juu. Katika chumba kimoja cha kupanga, ambamo jikoni na malazini ni pale pale, mlio wa diski inayotafuta faili saa nane za usiku husikiwa na kila mtu, mtoto mchanga akiwemo.

Tena mtumishi huyo haitiki akiitwa kutoka mbali. Kampuni nyingi za intaneti huwapa wateja wengi anwani moja ya pamoja kwa upande wa nje, hivyo mhadhiri aliye chuoni hawezi kuifikia seva iliyo Buruburu bila kupitia njia za kuzunguka. Jambo hili lina ufumbuzi wake na halihitaji kurefushwa hapa.

KUMBUKUMBU NA STIMA

Katika Kiswahili cha Kenya umeme huitwa stima. Neno hili lilianza kwa meli ya moshi, likaenea kwa nguvu za mvuke, kisha likahamia kwenye nguvu ipitayo katika waya. Mkazi wa Eastlands husema stima imepotea, kana kwamba ni mtu aliyetoka bila kuaga, na kauli hiyo inaeleza hali kwa usahihi kuliko lugha ya matangazo rasmi. Yako matukio makubwa yanayokumbukwa na nchi nzima: tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, na Kenya yote ikawa gizani, mwaka 2023 giza kama hilo lilirudi tarehe 25 Agosti, 11 Novemba na 10 Desemba. Hata hivyo, kwa mwenye seva, hatari zaidi ni yale matukio madogo ya mtaa, stima inapopotea kwa dakika mbili, ikarudi kwa kishindo, ikapotea tena.

Hapa ndipo neno kumbukumbu linapoonyesha kasoro yake. Katika maandishi ya kompyuta kwa Kiswahili, kumbukumbu ni jina la ile sehemu ambamo mashine huweka mambo inayoyashughulikia kwa wakati huo. Sehemu hiyo hufanya kazi kwa kasi sana, lakini stima ikikatika husahau kila kitu papo hapo. Kwa msemaji wa Kiswahili, kumbukumbu ni kile kinachobaki baada ya mambo kupita: kumbukumbu za kikao, siku ya kumbukumbu, kumbukumbu za marehemu. Kwa mashine, chenye jina hilo ndicho cha kwanza kusahau.

Na kosa hili la jina lina madhara. Mashine huandika kwenye diski kwa kuchelewa kidogo: mtumiaji akishaambiwa kwamba faili limewekwa, aghalabu sehemu yake ya mwisho ingali kwenye kumbukumbu ikingoja zamu. Stima ikipotea katika nafasi hiyo, faili huwa nusu. Mifumo mingi ya kisasa ya mafaili hujikinga kwa kuandika kwanza katika shajara kile inachokusudia kufanya, na kukifanya baadaye, ili ikizinduka iweze kujua ilipoachia. Kinga hiyo huokoa mpangilio wa diski. Haiokoi maneno ya mwisho ya mzee aliyekuwa akirekodiwa.

Dawa inayojulikana ni betri ya kusimamia pengo. Betri ndogo ya kawaida ya volti 12 na ampea-saa 7 ina nguvu ya wati-saa 84 kwa hesabu ya karatasini. Kwa seva ya wati 40, na kwa kuwa nguvu nyingine hupotea katika kugeuzwa, mtu asitegemee zaidi ya saa moja ikiwa mpya. Na baada ya miaka michache ya kupandwa na kushukwa na stima ya mtaa, huenda isisimame hata dakika tano. Faida yake ya kweli ni kuipa mashine muda wa kujizima kwa utaratibu, endapo mwenyewe alikumbuka kuifundisha kufanya hivyo.

SAHANI, KICHWA NA MABATI

Diski ya kawaida ni sahani, moja au zaidi, zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kinachoelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache bila kugusa. Mashine ya kwanza ya namna hii iliyouzwa, ile ya IBM ya mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 zenye upana wa sentimita 61, na zote pamoja ziliweka herufi milioni tano. Leo diski inayoenea katika kiganja huweka mara mamilioni ya kiasi hicho. Udogo huo ndio udhaifu wake, kwa maana kichwa kikigusa sahani hata mara moja, kinaweza kukwaruza mambo ya miaka.

Mnunuzi hupata mashaka tangu siku ya kwanza. Diski iliyoandikwa terabaiti 4 ikichomekwa huonekana kuwa na 3.6 tu, naye akarudi dukani kugombana. Ukweli ni kwamba hakupunjwa. Mtengenezaji huhesabu kwa makumi, terabaiti moja ikiwa baiti milioni milioni, ilhali baadhi ya programu huhesabu kwa vipeo vya mbili na kuyaita matokeo kwa jina lile lile. Wakati huo huo, kadi na flashi za bandia ziuzwazo kwa bei ya kutupa hujitangaza kuwa na nafasi kubwa ambayo hazina. Zikijaa huandika juu ya yaliyotangulia bila kutoa onyo. Basi mtu hulalamika pale ambapo hakudhulumiwa, na alipodhulumiwa akaridhika.

Liko jambo jingine lisiloandikwa kwenye boksi. Ili kuongeza nafasi, diski nyingine hupangwa hivi kwamba mfuo mmoja wa maandishi hulalia ukingo wa mfuo wa pili, kama mabati ya paa. Anayeijua nyumba ya mabati ataelewa taabu yake mara moja: bati la katikati halibadilishwi bila kulegeza yaliyolilalia. Diski ya namna hiyo inapotakiwa kubadili sehemu ya katikati hulazimika kuandika upya fungu zima, hivyo hufaa kwa mambo yanayowekwa mara moja na kuachwa, lakini katika seva huzorota vibaya. Mwaka 2020 ilibainika kwamba kampuni ya Western Digital ilikuwa imeuza baadhi ya diski za kundi lake la Red, zilizokusudiwa seva ndogo, zikiwa na mpangilio huo bila kuwaeleza wanunuzi. Mnunuzi wa Nairobi, ambaye mara nyingi hupata diski iliyokwisha tumika kwingine, hana budi kutafuta namba ya toleo na kuisoma kwanza kabla ya kutoa fedha.

KIOO SI AKIBA

Diski zikiwa mbili, aghalabu huunganishwa kuwa kioo: kinachoandikwa kwenye moja huandikwa wakati huo huo kwenye ya pili. Mpango huu ni miongoni mwa ile iliyoelezwa mwaka 1988 na Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Diski moja ikifa, kazi huendelea. Wengi wakishafika hapo huona wamemaliza.

Methali husema akiba haiozi. Lakini kioo si akiba. Kioo huonyesha uso pamoja na doa lake: mtoto akifuta folda kwenye diski ya kwanza, imefutika kwenye ya pili katika dakika ile ile. Stima ikirudi kwa kishindo huzipiga zote mbili, kwa kuwa zimo katika sanduku moja. Na zikiwa zimenunuliwa siku moja katika duka moja, zimezeeka pamoja. Ya kwanza ikifa, ya pili hulazimishwa kusomwa yote mfululizo ili kumjaza mwenzake mpya, na kazi hiyo nzito huweza kuiua.

Jina linalotumika sasa katika simu na programu za Kiswahili kwa nakala ya kujikinga ni nakala rudufu. Neno rudufu hutaja idadi tu: ni mbili badala ya moja. Halisemi kitu juu ya mahali. Akiba, kwa upande wake, ni kitu kilichotengwa, kisichoguswa katika matumizi ya kila siku, na kwa sababu hiyo lingefaa zaidi. Kanuni ambayo huhusishwa na mpigapicha wa Marekani Peter Krogh husema nakala ziwe tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe mahali pengine. Sharti la mwisho ndilo zito kwa anayeishi chumba kimoja. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoingia katika nyumba za Mathare, hayakuuliza diski ipi ni ya asili na ipi ni nakala. Wako wanaoipeleka diski ya tatu nyumbani mashambani wakati wa Krismasi na kuirudisha mwaka unaofuata ikiongezewa. Utaratibu huo ni wa polepole, lakini hauhitaji intaneti, nao unafuata njia ambayo watu wa Eastlands wameizoea tangu zamani.

Kabla ya kuiacha sehemu hii inafaa kutaja hatari ya kufomati. Diski iliyotayarishwa kwa mfumo wa Linux, kama zilivyo seva nyingi, ikichomekwa kwenye kompyuta ya Windows haitambuliwi. Mashine huuliza kwa upole kama mwenye nayo angependa kuifomati. Swali hilo limeandikwa kama la mhudumu anayetaka kusaidia, na anayejibu ndiyo amefuta orodha ya yote yaliyomo. Binamu mwenye nia njema amewahi kupoteza utafiti wa watu wengi kwa neno hilo moja.

TAREHE YA UONGO

Hasara iliyo kubwa kwa isimu haitokani na faili lililopotea. Hutokana na faili lililobaki likiwa na tarehe ya uongo.

Sheng hubadilika kwa mtaa na kwa mwaka. Majina ya fedha ni mfano unaojulikana: ashu kwa shilingi kumi, mbao kwa ishirini, finje kwa hamsini, soo kwa mia. Shilingi tano huitwa kobole na wengine, na wengine huiita ngovo. Kujua ni nani alisema lipi, wapi na lini, ndiyo kazi yenyewe ya mtafiti. Kamusi ya Mbaabu na Nzunga, iliyotolewa na TUKI mwaka 2003, ni hazina. Lakini neno likishaingia katika orodha huwa limevuliwa mtaa na mwaka wake, na rekodi za sauti ndizo zinazoweza kulirudishia.

Sasa itazamwe hali ya folda moja ya kawaida. Ndani yake mna rekodi za kifaa cha mkononi pamoja na kanda za kaseti za miaka ya 1980 zilizogeuzwa kuwa mafaili. Kifaa cha bei nafuu kikiishiwa na betri ya saa yake, aghalabu huanza upya kwa tarehe ya mwanzo kiliyoundwa nayo. Na kwa kuwa mpangilio wa mafaili wa kadi nyingi hauwezi kuandika tarehe iliyo kabla ya 1 Januari 1980, vifaa vingi huangukia siku hiyo. Mifumo ya jamii ya Unix nayo huhesabu wakati kuanzia mwanzo wa 1970, hivyo faili lililopoteza tarehe yake huonekana, kwa saa za Nairobi, kuwa la saa tisa usiku, 1 Januari 1970. Mengine yakinakiliwa kutoka diski hadi diski hupewa tarehe ya siku ya kunakiliwa.

Katika taaluma nyingine kosa hili lingechekesha. Katika historia ya Sheng ni sumu. Miongoni mwa maandishi ya mwanzo ya kitaaluma kuhusu Sheng ni makala ya Spyropoulos ya mwaka 1987. Maelezo ya Mazrui ya 1995 na ya Abdulaziz na Osinde ya 1997 yalifuata, na swali la lini hasa lugha hiyo ilianza lingali na wabishi. Faili lenye mazungumzo ya vijana wa Dandora, likijitangaza kuwa la mwaka 1980, lingeweza kuingizwa katika mjadala huo kama ushahidi, na kwa kuwa limelala kando ya kaseti za kweli za muongo ule, hakuna ambaye angeshtuka. Yamkini lilirekodiwa 2011. Jina lake, ambalo kifaa kililipa chenyewe, ni neno fupi na namba tatu, halisaidii.

KUDURUSU

Linabaki neno hifadhi lenyewe. Katika programu za Kiswahili hilo ndilo neno la kubonyeza ili faili liwekwe: Hifadhi. Kidole hugusa, na kitendo kimekwisha. Lakini katika matumizi ya asili ya Waswahili kuhifadhi si kitendo cha mara moja. Katika madrasa za Pumwani na Eastleigh, mtoto anayehifadhi Kurani haishii siku alipoweza kuisoma sura kwa moyo. Huirudia kesho na mwezi ujao mbele ya mwalimu anayemsahihisha, na akiacha kudurusu, aliyohifadhi huondoka. Hifadhi ya namna hii ina msikilizaji, ina marudio, na ina kipimo cha kosa.

Ajabu ni kwamba mafundi wa diski wamefikia utaratibu huo huo kwa njia yao. Mfumo wa ZFS, uliotolewa hadharani na Sun Microsystems mwaka 2005, huweka kwa kila fungu la data alama iliyokokotolewa kutokana na yaliyomo, na kila baada ya muda husoma diski yote na kulinganisha. Herufi moja ikigeuka, alama hailingani, na palipo na nakala njema hasara hurekebishwa. Asiye na mfumo huo aweza kukokotoa alama za mafaili kwa programu sahili na kuziandika pembeni. Mafundi hukiita kitendo hiki kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kusugua. Kwa Kiswahili neno lipo tayari: ni kudurusu diski, na lingefaa kuingizwa katika istilahi pamoja na akiba.

Kudurusu kwa mashine hakutoshi, kwa sababu mashine hulinda hata tarehe ya uongo kwa uaminifu kamili. Faili hudurusiwa pia kwa masikio. Inafaa pakutane watu wawili watatu wa mtaa uliorekodiwa, waliokuwapo, wasikilize na kusema hapa ni Jericho, huyu ni fulani, neno hili lilikuwa halijaingia mwaka ule. Wanayoyasema huandikwa kwa kalamu katika daftari la kawaida: namba ya faili, mtaa, mwaka, umri wa msemaji, na kama aliridhia sauti yake isikilizwe na wengine. Daftari hupigwa picha, picha huwekwa katika kila diski, na daftari lenyewe husafiri na diski ya tatu. Idara yenye nafasi ya rafu moja yaweza kuwa hapo mahali pengine panapotakiwa na kanuni, bila kununua mtambo wowote.

Kwa diski ya terabaiti 4 iliyojaa, isomwayo kwa megabaiti 150 kwa sekunde, kazi ya kulinganisha alama zote huchukua saa saba na zaidi. Anayetumia programu sahili huianza jioni, baada ya watoto kulala, na stima ikipotea katikati huianza upya.